Fanta ya Arobaini

Kaoutar aliifungua chupa kwa meno. Kifungulio kilikuwa uani kwa wanaume, na hakutaka kupita tena mbele ya jamaa za marehemu baba yake, ambao kila mmoja alitaka kumpa pole upya kana kwamba ile ya kwanza ilikuwa imeisha nguvu.

"Utavunja meno, mutoto wewe," alisema Sharifa, mama yake. "Halafu nani atakuoa?"

"Nitaolewa na jaji, mama."

Wanawake waliokaa mkekani walicheka kidogo, kicheko cha msibani, kile kinachofunikwa kwa ncha ya mtandio. Ilikuwa arobaini ya Idi, mpika sabuni wa mtaa wa Waswahili hapa Rumonge, Burundi. Sharifa alikuwa ndani ya eda, kwa hiyo hakutoka chumbani. Yaliyokuwa yakisemwa uani aliyasikia kupitia dirishani, na mengine aliletewa na binti yake.

Wanaume wa uani walikuwa nusu na kofia za Kiislamu, nusu vichwa wazi. Idi alizaliwa katika nyumba ya Wakristo huko Gatete, mlimani, akachukua jina la Idi siku aliyomchukua Sharifa. Ndugu zake hawakumsusa. Siku hii walishuka na makasha manne ya Fanta, bila pombe hata tone, kwa kuiheshimu nyumba. Lakini kwa Waswahili ilikuwa arobaini, ya kusoma dua na kula pilau, na kwa watu wa Gatete ilikuwa siku ya kuondoa msiba, na msiba hauondolewi kwao kabla haijatangazwa nani anasimama mahali pa marehemu. Basi mkusanyiko ulikuwa mmoja, mambo mawili, na pilau ile ile.

Aliyekuwa akisema ni Leonsi, kaka mkubwa wa Idi. Alisema kwa Kirundi, polepole, kama mtu anayesoma Biblia mbele ya kanisa. Alisema nyumba hii ilijengwa kwa mawese ya michikichi ya familia. Alisema ndugu yake ameacha mabinti wawili, Kaoutar na mdogo wake Raisa, wala hakuacha mwana wa kiume. Nyumba itarudi kwa familia, na yeye Leonsi atamchukua mjane na watoto, awaweke Gatete, na hawatakosa kitu. Mzee mmoja wa bashingantahe, wale wazee wa kusuluhisha wanaoaminiwa na mlima mzima, aliuliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa na neno.

"Mke amesikia?" aliuliza mzee. "Mpelekeeni kinywaji."

Ndiyo ile chupa. Sharifa aliishika, hakuipeleka mdomoni. Kirundi chake kilikuwa cha sokoni, cha kupigania bei ya ndagala, lakini hakuishi na mtu wa Gatete miaka kumi na minane bure.

"Kaoutar. Bale bazee banasema nini?"

"Banasema nyumba irudi kwa familia. Na sisi twende Gatete."

"Na hii Fanta?"

"Banataka ukunywe."

"Nikikunywa, si nimekubali?"

Mama alikuwa ameuliza swali la mtu mwenye akili, na laiti angeachwa aifuate akili yake. Lakini Kaoutar alikuwa na miaka kumi na saba, alikuwa mwaka wa pili wa section ya sheria, na alikuwa wa kwanza darasani. Wiki chache kabla ya hapo walisoma sura ya ushahidi: jambo la nyumba au shamba huthibitishwa kwa maandishi, yenye sahihi, yenye tarehe. Ukurasa ule aliujua kwa moyo, kwa Kifaransa, pamoja na nukta zake.

"Mama, Fanta si sahihi," alisema, na hakupunguza sauti mbele ya wale wanawake. "Karatasi hakuna, kidole hakuna, basi hakuna kitu. Kunywa tu waende zao. Ukikataa watasema una roho mubaya."

Sharifa alimtazama mwanawe. Yeye mwenyewe hakuvuka darasa la tatu, na fahari iliyompanda usoni ingemtosha mtu kulia. Akanywa. Akainywa yote, maana chumba kilikuwa cha moto na watu walikuwa wengi.

Kaoutar alirudisha chupa tupu uani. Leonsi aliipokea kwa mikono miwili, akaiinua wazee waione, na wazee wakapiga makofi. Kaoutar naye, kwa adabu, akapiga makofi.

*

Inafaa niseme jinsi shule ya Kaoutar inavyofundisha sheria, msije mkamlaumu msichana peke yake.

Kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu. Mwanzo wa mwaka hakukuwa na mwalimu kabisa; saa za sheria wanafunzi walilala juu ya madawati au walisukana nywele. Madamu Benedicte alipofika alikuta wiki saba zimekwisha, akaanza sura ya nne, ile ya ushahidi, kwa sababu sura ya nne ndiyo mkaguzi angeiulizia. "Sura ya kwanza tutairudia," aliahidi. Alikuwa mwalimu mzuri, mwenye sauti iliyokauka kwa chaki na kelele. Na ahadi aliitimiza. Ila aliitimiza mwezi wa tatu, arobaini ikiwa imeshapita.

Siku hiyo aliandika ubaoni: *Vyanzo vya sheria.* Chini yake, moja, sheria iliyoandikwa. Mbili, desturi.

"Muandike vizuri," alisema. "Katika nchi yetu, mambo ya urithi hayana sheria iliyoandikwa. Mutatafuta kwenye kode zote, vitabu vyote vya sheria, hamutaona. Tunarithi kwa desturi. Pale sheria inanyamaza, desturi inasema."

Exaucé, kijana aliyekaa dawati moja na Kaoutar na aliyependa kuuliza ili aonekane, aliinua mkono. "Madamu, na desturi imeandikwa wapi?"

"Haiandikwi. Inaonekana. Watu wanakusanyika, jambo linatangazwa mbele ya bashingantahe, watu wanakunywa. Mwenye kukunywa amekubali. Ni kama sahihi yake ile."

Wenzake waliandika. Kalamu ya bik ya Kaoutar ilisimama katikati ya neno. Aliomba ruhusa, akatoka nje hadi nyuma ya vyoo, na hapo akasimama akiwa amejishika mdomo kwa viganja viwili. Aliogopa. Si kwamba alijuta kwanza. Majuto yalikuja baadaye. Kwanza aliogopa uso wa mama yake.

Alirudi nyumbani akapika, akaosha vyombo, akamwogesha Raisa. Hakusema.

*

Eda ilipokwisha, Leonsi alikuja na kufuli jipya na fundi wa kupima. Alikuwa amepata mpangaji wa chumba cha mbele, kile Idi alichopikia sabuni, na masufuria yalikuwa bado na ukoko mweupe pembeni. Sharifa alisimama mlangoni, mkono mmoja juu ya kizingiti.

"Amahoro, shemeji."

"Amahoro, mama Kaoutar. Huyu fundi anataka kuingia kidogo."

"Kuingia wapi?"

"Shemeji, iko vile tulisema."

"Muliosema ni nyinyi. Mimi sikusema."

Leonsi hakuwa mtu wa makelele. Alivua kofia yake, akaitazama ndani. "Ulikunywa," alisema.

"Fanta si sahihi," Sharifa alijibu, kwa sauti ile ile ya binti yake, neno kwa neno. "Karatasi hakuna, kidole hakuna. Uliza huyu. Mutoto wangu anasoma sheria."

"Najua anasoma. Ni mimi nalipa minerval."

Aliyasema bila hasira, na hapo ndipo palipouma. Ni kweli alikuwa akilipa, tangu Idi alipoanza kuugua, na hakuwahi kuichelewesha ada hata muhula mmoja. Alikuwa akiwaambia watu Gatete kwamba familia yao ina padri na ina mwuguzi, sasa inataka jaji. Alimgeukia Kaoutar aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake na ufagio mkononi.

"Mwanangu, mueleze mama yako."

Kaoutar alianza kufagia pale pale aliposimama. Kati ya watu wote waliokuwa pale, fundi akiwemo, ni yeye peke yake aliyejua kurasa zote mbili, ya ushahidi na ya desturi.

"Unaona?" alisema Sharifa. "Hana la kusema. Twende tribinali, shemeji. Sitaki tugombane barazani kama watoto."

"Tribinali?" Leonsi alivaa kofia yake. "Kwa Fanta?"

Jioni ile Sharifa alifuta meza, akaweka karatasi, akakaa mkabala na binti yake huku mikono imekunjwa mapajani, kama mtu aliyekuja ofisini.

"Andika."

"Mama, labda tungeongea na baba mukubwa kwanza."

"Nimeongea. Andika. Sema mimi ni mke wa komine, wa kuandikwa serikalini, karatasi ya ndoa iko. Sema sikutia sahihi popote."

Kaoutar aliandika. Aliandika vizuri sana, kwa mwandiko wa kulala upande mmoja ambao Madamu aliusifia. Angeweza kusema wakati wowote: *mama, nilikudanganya bila kujua.* Maneno manne tu. Lakini mama alikuwa akisema sentensi, halafu akimtazama kuona kama imekaa kisheria, na kila Kaoutar alipotikisa kichwa kukubali, mama alitabasamu. Mtu anatoka vipi ndani ya tabasamu la namna hiyo? Akamaliza, mama akatia kidole chenye wino.

*

Kesi iliahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza jaji alikuwa Bujumbura, mara ya pili wazee wa Gatete hawakupata usafiri. Ikapangwa Jumatano.

Jumatatu Madamu Benedicte aliingia darasani akiwa na furaha. "Nimepata ruhusa! Jumatano darasa lote tunakwenda kukaa tribinali, kusikiliza kesi za kweli. Kila mutu achukue kaye na bik. Mutaandika ripoti, iko na pointi ishirini."

"Madamu," alisema Kaoutar, "Jumatano nina shida nyumbani."

"Shida gani?"

Darasa zima liligeuka. Exaucé aliacha kutafuna.

"Shida tu, Madamu."

"Mwenye hakuja anapata zero. Na wewe ndiye wa kwanza, Kaoutar. Unataka kuniangusha?"

Nyumbani mama yake alikuwa ameshaamua mambo. "Utakaa na mimi mbele. Jaji akiuliza kitu cha Kifaransa, unanikanyaga mguu." Kaoutar akasema sawa. Nafasi nyingine ya kusema ikaja ikapita.

Jumatano ukumbi wa tribinali ulijaa sare za kaki. Wanafunzi thelathini na wanane walibanana kwenye mabenchi ya nyuma, wakipeana viwiko, na Madamu akiwanyoshea kidole. Kesi ya kwanza ilikuwa ya mbuzi, ya pili ya ukuta. Kaoutar alikaa katikati ya Exaucé na ukuta, akaomba dua kwamba umeme ukatike, kwamba jaji aumwe jino, kwamba chochote kitokee. Alimwona mama yake ameingia na kitenge kile cha bluu cha harusi za watu, akiangaza macho akitafuta wa kukaa naye. Macho yao yalikutana. Sharifa alipapasa nafasi iliyokuwa kando yake kwenye benchi la mbele.

Kaoutar aliinamisha kichwa, akaandika tarehe kwenye ukurasa wa kaye.

Nafasi ile ilibaki tupu mpaka mwisho, na mimi sina la kumtetea nalo.

Karani alisoma majina. Exaucé alisikia jina la ukoo, akageuka. "Si jina lenu hilo?"

"Tuko wengi," alisema Kaoutar.

Jaji alikuwa mwanamke mwenye miwani, asiye na haraka. Alisoma barua ya mlalamikaji yote, akauliza nani kaiandika. "Mutoto wangu, Muheshimiwa," Sharifa alijibu. "Imeandikwa vizuri," alisema jaji, na akaiweka kando. Kisha aliwaita wazee watatu wa Gatete. Walisema neno moja wote watatu: jambo lilitangazwa, hakukuwa na mwenye neno, kinywaji kilipelekwa ndani, chupa ikarudi tupu. Yule wa mwisho aliongeza kwamba ilirudishwa na binti mkubwa, na kwamba binti alipiga makofi.

"Mama," jaji alimgeukia Sharifa, "ulikunywa?"

"Nilikunywa, Muheshimiwa."

"Ulijua kinywaji kile ni cha nini?"

Sharifa alisogeza mguu wake kando. Alikuwa kama mtu anayengoja kukanyagwa, na wa kumkanyaga hayupo.

"Nakuuliza kwa sababu jambo hili ni zito," jaji aliendelea, na sauti yake haikuwa mbaya. "Kuna mutu alikueleza? Kuna mutu alikuambia ukunywe, kwamba haina maana? Kama yuko, umutaje. Nitamusikiliza."

Hapo Sharifa aligeuka. Aliyatazama mabenchi ya nyuma, yale mashati ya kaki, Madamu na miwani yake kichwani, vijana na bik zao zimesimama hewani zikingoja jibu. Hakumtafuta Kaoutar. Alimpita kwa macho kama alivyowapita wengine, bila kukaa juu yake hata kidogo, na Kaoutar akajua kwamba mama ameelewa. Labda aliposikia mzee akitaja makofi. Labda siku ile ya kufuli, mlangoni, aliposema *hana la kusema*. Mama alikuwa ameelewa yote na alikuwa anachagua.

"Hakuna mutu, Muheshimiwa. Nilikunywa kwa kiu."

Ukumbi ulicheka. Polisi wa mlangoni alicheka, karani alicheka, mabenchi ya nyuma yakalipuka. Exaucé alijipiga paja. "Kwa kiu!" alinong'ona, akaliandika, akalipigia mstari. Kaoutar alikuwa amebana kaye kifuani. Miguu yake ilitaka kusimama, haki ya Mungu ilitaka, lakini pale palikuwa na darasa zima, na baba mukubwa amekaa mbele na kofia yake magotini, na ada ya muhula wa tatu ilikuwa imelipwa Ijumaa.

*

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Sharifa aliileta nyumbani imekunjwa ndani ya leso, akaendelea kuchambua mchele.

"Nisomee."

Kaoutar alisoma, akitafsiri. Kwamba hakuna sheria iliyoandikwa kuhusu urithi. Kwamba kwa desturi, mjane asiye na mwana hubaki ndani ya nyumba ya mumewe maisha yake yote, wala hakuna ndugu wa kumtoa. Alisimama hapo.

"Rudia."

"Mjane hubaki ndani ya nyumba maisha yake yote."

"Kumbe desturi ilikuwa upande wangu," alisema Sharifa kwa kushangaa, kama mtu anayesikia habari ya jirani. "Endelea."

"*Lakini* mlalamikaji alikubali kwa hiari yake, mbele ya mashahidi, kuiachia familia nyumba ile." Aliishusha karatasi. "Mama. Ni mimi."

"Soma."

"Mama, ni mimi nilikuambia."

"Kaoutar, mchele huu una mawe. Soma au uniache nichambue."

Mwisho wa karatasi ulisema asiyeridhika ana siku thelathini za kukata rufaa.

Shuleni Madamu alirudisha ripoti. Ya Kaoutar ilikuwa na kumi na nane juu ya ishirini, na aliisoma mbele ya darasa, hasa ile aya inayoeleza jinsi kinywaji kinavyoshika nafasi ya sahihi. Kengele ilipolia Kaoutar alibaki.

"Madamu, kama mutu alikunywa kwa sababu mwengine alimudanganya... si kwa ubaya, kwa kutojua. Ile inahesabika kukubali?"

"Oya, haihesabiki. Hiyo ni kukosea. Kukubali kwa makosa si kukubali kamili. Rufaa inaweza kuisikiliza." Madamu alikuwa akifuta ubao. "Lakini yule mwengine lazima aje, asimame, aseme kwa kinywa chake mbele ya wote. Bila yeye hakuna kitu." Akaacha kufuta. Aliitazama ripoti, jina juu yake, kisha uso wa mwanafunzi wake. "Ee Mungu wangu," alisema. "Kumbe ile nafasi ya mbele ilikuwa yako."

Kaoutar alilia kwa mara ya kwanza tangu baba yake azikwe. Madamu alimshika bega, akasema angemsaidia kuiweka barua sawa, na akamsaidia kweli. Lakini aliuliza swali moja ambalo Kaoutar alikwenda nalo nyumbani: "Na minerval ya mwaka kesho, nani atalipa?"

*

Siku ya ishirini na saba Kaoutar alimsomea mama yake barua ya rufaa. Ilikuwa ukurasa mmoja. Sharifa alisikiliza akiwa amefumba macho, akayafumbua mahali pamoja.

"Hapo. Umeandika ni wewe ulisema?"

"Ndiyo."

"Futa."

"Nikifuta hapo, mama, barua haina kitu."

"Basi haina kitu."

"Tia kidole, mama, nakuomba. Nitasimama. Nitasema mbele ya baba mukubwa, mbele ya Exaucé, mbele ya kila mutu. Ni kweli yangu, si yako."

"Halafu?" Sharifa hakupaza sauti. "Utasimama useme baba yako mukubwa alichukua nyumba kwa makosa ya mutoto. Kesho yake atakulipia shule? Yeye ni mutu muzuri, Kaoutar, lakini hakuna mutu muzuri hivyo. Mimi nyumba nimeshakosa. Nikukose na wewe, tuwe wawili pale Gatete tunachuma chikichi za mawese? Raisa naye afanye watatu?"

"Si haki."

"Haki umeisoma wewe. Mimi nimeisikia tu ikisemwa." Alichukua barua, akaikunja mara nne, akairudisha mikononi mwa binti yake. "Maliza shule. Ukimaliza, utakuwa unakunywa kile unataka na kukataa kile unataka."

Na kidole hakutia.

*

Kesho yake Leonsi alishuka na pikap ya kubebea vyombo, wazee wawili, na kasha moja la Fanta. Hakuja kwa kiburi. Alikuwa amepakia godoro jipya kwenye gari, akasema chumba cha Gatete kimepakwa chokaa, na Raisa atapata shule karibu. Kaoutar atapangishiwa kitanda kwenye bweni la mabinti la parokia mjini, wamekubali Mwislamu. Alimletea pia kipande cha kitambaa cha kaki, kizuri, cha kushona sketi ya mwaka wa tatu.

"Kesi imekwisha," alisema mbele ya majirani waliojikusanya. "Lakini sitaki tuachane na kisirani. Tukunywe, shemeji, tuwe ndugu. Na huyu jaji wetu naye akunywe, amekuwa mutu mukubwa."

Alizifungua mwenyewe kwa kifungulio, moja moja, akampa Sharifa kwa mikono miwili. Sharifa alishukuru, murakoze, akanywa kidogo, akaishusha. Kisha Leonsi akamwekea Kaoutar kitambaa mkono wa kushoto na chupa mkono wa kulia.

Kwenye mkoba wake, katikati ya kaye ya sheria, barua ilikuwa imekunjwa mara nne. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Wazee walimtazama. Majirani walimtazama. Wa shule hakuwepo hata mmoja, Exaucé hakuwepo, hakukuwa na wa kucheka. Angeweza kusema sasa hivi, uani hapa hapa palipotangazwa, na wazee wa bashingantahe wangelazimika kusikia. Safari hii alijua kinywaji ni cha nini kuliko wote waliokuwa pale. Aliishika chupa mpaka vidole vikapata baridi.

"Baba mukubwa," alianza, "siku ile ya arobaini, mama aliniuliza..."

Leonsi aliinua macho. Mzee mmoja mwenye koti la kijivu alisogeza sikio.

Sharifa alimkaribia binti yake. Alimrekebisha mtandio begani, kama alivyofanya kila asubuhi kabla ya shule, na akasema polepole, bila kejeli, kwa upole ambao Kaoutar hakuwahi kuusikia na hangeusahau:

"Kunywa tu, mwanangu. Fanta si sahihi."

Kaoutar alikunywa mpaka chini. Wazee walipiga makofi, majirani wakapiga makofi, na Raisa juu ya godoro ndani ya pikap naye akapiga. Kaoutar hakupiga, mkono mmoja ulikuwa na chupa, mwingine ulikuwa na kitambaa.